Duka la Mama Amani

Jumatatu, 9 Juni
Mvua tangu alfajiri. Viatu vimeloa. Wanawake watano leo hapa mtaa wa Kabalagala, Wakongo, wote walipewa mtaji wa biashara na mradi wetu. Majibu yale yale: asante, tunashukuru. Nimechoka kushukuriwa kwa kitu nisichokitoa. Tathmini hii nimepewa kwa sababu kwetu Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Basi.

Jumanne, 10 Juni
Leo nimefurahi. Mama Amani, mtu wa Bukavu. Alianza kwa kutandaza vitenge chini, sasa ana duka. Dogo, lakini lake. Mzigo anaufuata mwenyewe Kikuubo, kwenye maduka ya jumla. Alicheka aliponiona napapasa kitenge cha zambarau. Kesho nyumbani kwake, lazima tuone na maisha ya kaya. Nilipomwambia alikikunja kile kitenge, akakirudisha mahali pake. Nije jioni, akasema, si kabla.

Jumatano, 11 Juni
Mahojiano ya asubuhi yalivunjika. Nikaona nisipoteze siku, nikaenda mapema. Nilimkuta mumewe peke yake. Mpole. Alinipa kiti. Nikampongeza kwa duka la mkewe.
"Duka gani?"
Nikadhani hakunisikia vizuri. Nikamwelekeza mpaka mtaa, mpaka rangi ya mlango. Alivaa viatu, akatoka. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilimpigia Mama Amani. Simu iliita tu.

Alhamisi, 12 Juni
Duka limefungwa. Muuza chapati wa jirani kanieleza. Mume siku zote aliambiwa kuwa mkewe ni mwajiriwa tu pale. Kumbe Mama Amani alikuwa anajiandaa kumkimbia na mtoto, hata chumba keshapata. Jana alipigwa mbele ya watu, akanyang'anywa funguo.
Sijala. Mdomo wangu huu.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemweleza bosi. Alisikitika, simsingizii. Kisha akauliza kama duka bado lipo. Lipo. Limefunguliwa leo, mume amekaa ndani, anauza. Basi mradi umefaulu, akasema, ya ndoa si yetu. Niliyaandika yote kwenye ripoti. Akayafuta. Nikayarudisha. Akayafuta tena.
"Wafadhili wakisoma haya, wale wanawake wengine wote watakosa msaada."
Huenda ni kweli. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.
Ripoti imeondoka na jina langu.

Jumapili, 15 Juni
Mtaa wa Luzira, muuza chapati kanielekeza. Mama Amani yuko kwa dada yake, anafulia watu. Jicho moja limevimba, halifunguki. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi. Mlangoni yote yaliniishia. Nikasema tu kwamba ni mimi niliyemwambia mumewe.
"Najua, dada. Alikuwa anakutaja akinipiga."
Hakunifukuza. Hakunikaribisha pia. Alikuwa na shuka zito mikononi, nikashika upande wa pili. Tukakamua. Tukaanika. Akachukua lingine.
Tulifanya hivyo mpaka beseni likabaki tupu.