Kioo Kipya cha Gari la Mzee

Shemeji yangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa hapo kwako, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa ukikilalamikia kimeshakuaga. Sisi huku tunasogeza siku. Dada yako hajambo, anakusalimu na kukukumbusha kwamba hujamjibu. Mpwa wako Jaji ameng'oka meno ya mbele, lakini bado anatuhukumu wote humu ndani kama kawaida yake, na hukumu zake hazina rufaa. Mama hajambo isipokuwa mguu, nitakueleza. Mzee naye hajambo. Hapo kwa Mzee ndipo penye barua yote, kwa hiyo tafuta mahali ukae utulie.

Najua utacheka, kinyozi kushika kalamu wakati simu ipo. Lakini unaijua simu ya nyumba hii. Ikilia inawekwa mezani, sauti inafunguliwa mpaka mwisho, na kila mtu anachangia, na wa kwanza kuchangia ni Mzee. Ninayotaka kukwambia siwezi kuyasema akiwa amekaa pale anapokea salamu zako.

Unakumbuka tulikwambia kioo cha mbele cha gari lake kimepasuka. Mzee alisema ni jiwe lililorushwa na lori. Ufa ulianzia kona ya juu upande wa abiria, na kila gari lilipoingia kwenye shimo ukatambaa kidogo, hadi ukafika katikati na kuanza kutoa matawi. Dada yako alijaribu kuubandika karatasi ya gundi. Mzee akaibandua kwa hasira, akasema gari lake si bahasha.

Ila kwa Mzee ufa ule haukuwa shida kubwa. Shida yake ilikuwa ya siku nyingi, kwamba kioo chenyewe kimechoka. Alituambia kioo kikizeeka kinaingia giza kuanzia pembeni kuja katikati. Alikuwa akikifuta asubuhi kabla ya kutoka, anakifuta jioni akirudi, hasa zile kona, na bado haridhiki. Sisi tulimwamini. Mtu ameendesha malori na mabasi maisha yake yote bila kukwaruza hata baiskeli ya mtu, nani angembishia habari za kioo? Wewe mwenyewe ulisema kibadilishwe. Ulipokuja ufa, kila mtu aliona heri, kwa sababu sasa kulikuwa na sababu ambayo wote tunaiona.

Tukampata fundi wa vioo, mtu mnene, mpole, anayefanya kazi chini ya bati nyuma ya wauza matairi. Alilizunguka gari lile akitabasamu, akasema kwa umri wake itabidi akatafute kioo makaburini. Maana yake ni kule yanakolazwa magari yaliyokufa. Na kweli alikipata, kwenye gari la aina ileile lililogongwa nyuma, mbele likabaki zima.

Tulikwenda siku ya Jumamosi, Mzee kwenye usukani, Mama pembeni yake, mimi nyuma na mfuko wa matambara. Leseni ninayo, lakini unajua gari lile sijawahi kupewa hata nilisogeze kivulini. Njia nzima Mama anatangaza. Unamjua Mama akiwa garini. Kuna mwanamke ana ndoo huyo anavuka, kuna lori linatoka pale, huyo kijana wa baiskeli mbona hana breki. Ndiyo maana wewe na mimi tukamwita Redio tangu mwaka ule nilipooa, na siku ile pia nilikuwa nikicheka kimoyomoyo huko nyuma.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri kuitazama. Magari ya zamani vioo vyake havigundishwi, vinashikwa na mpira. Fundi na mwenzake waliukata mpira wa zamani, wakakisukuma kioo kwa miguu kutoka ndani, na kilipotoka Mzee akageuka pembeni kama mtu anayechomwa sindano. Kioo kingine wakakivisha mpira mpya, wakaulaza uzi mrefu ndani ya mfereji wa mpira, wakapaka maji ya sabuni, wakakipachika. Fundi akakaa ndani anauvuta ule uzi polepole, na kila unapotoka, mdomo wa mpira unapanda juu ya bati na kukaa mahali pake. Nje mwenzake anapigapiga kioo kwa kiganja ili kizame. Nilitamani kunyoa kungekuwa na utamu ule.

Mzee akapanda. Akatazama. Akaomba kitambaa, akafuta kona. Akaomba gazeti, akafuta tena. Kisha akashuka, akasema kioo kina giza pembeni, tena afadhali kile cha mwanzo. Fundi hakubishana. Alisema huenda kimeungua na jua huko kilikokuwa kimelala, na kwa heshima ya Mzee ataagiza kipya kabisa, kinachokuja kwenye boksi lake.

Kilichukua wiki kadhaa kufika. Tukarudi, kazi ikaanza upya, uzi, sabuni, viganja. Safari hii kioo kilikuwa bado na karatasi ya kiwandani, na Mzee akataka aibandue mwenyewe. Akaibandua taratibu mpaka mwisho, akaikunja, akaingia kwenye kiti chake, akashika usukani. Sisi tulikuwa tumesimama mbele ya gari. Shemeji, kioo kilikuwa safi kiasi kwamba nilimwona Mzee kama vile hakuna kitu kati yetu. Akageuza kichwa kidogo kushoto, akakigeuza kulia, kama mtu anayechungulia mlangoni. Halafu akasema na hiki nacho ni kibovu.

Fundi alinitazama, mimi nikatazama viatu vyangu. Sote pale tulijua mara moja, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake amejua. Ndipo fundi, Mungu ambariki au amsamehe, sijui lipi, akasema kwa adabu kwamba vioo vya siku hizi ndivyo vilivyo, havifanani na vya zamani. Mzee akanigeukia anione ninasemaje. Nikasema kweli kabisa, Mzee, vya siku hizi ndivyo vilivyo. Akaonekana kama aliyetuliwa mzigo, akawasha gari.

Wakati wa kurudi sikucheka. Nilifumba macho huko nyuma nikamsikiliza Mama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu niingie katika familia yenu. Gari lililokuwa mbele yetu hakulitaja hata mara moja. Alitaja ya kushoto na ya kulia tu, na kila alipotaja, gari lilipungua mwendo au likasogea.

Nikangoja mpaka Mzee alale mchana, nikamfuata Mama uani alipokuwa anakunja nguo. Hakukana. Alisema ni presha ya macho, inayomnyima kuona pembeni. Walikwenda hospitali wawili peke yao, daktari akawaambia kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki, na funguo za gari aziweke chini siku hiyohiyo. Mzee akatoka pale akisema daktari gani yule, hajawahi hata kubadilisha tairi. Tangu siku hiyo Mama amekuwa akimwangalizia pembeni, na hawajawahi kulizungumza. Hakuna aliyemwomba na hakuna aliyemshukuru. Na lile jiwe halikuwapo, shemeji. Ni tawi la mti lililokuwa limeinama barabarani. Mama hakulitangaza kwa sababu alikuwa anapiga chafya.

Aliniomba nisiseme. Alisema mume wake alikuwa dereva kabla hajawa mume wa mtu wala baba wa mtu, na akinyang'anywa funguo zile atakachobakiza ni kiti cha barazani. Nikamwambia Mama, mle ndani anapanda pia mwanangu kila asubuhi kwenda shule. Akasema hata yeye anapanda.

Dada yako nilimwambia, nisingeweza kumficha. Alilia, kisha akanijia juu kana kwamba ugonjwa nimeuleta mimi, kisha akalia tena. Mwishowe akasema neno hilo ni la mtoto wa kwanza, tumsubiri kaka. Nikamuuliza kwa nini yeye, kipenzi cha baba, asimwambie. Akasema ndiyo maana hawezi.

Mimi je? Mimi ni mkwe. Nimekaribishwa katika nyumba ya uani ya mtu, nile naye meza moja, halafu nimwambie haoni? Kila Jumapili namnyoa. Namshika kidevu, namgeuza kichwa ninavyotaka, wembe uko shingoni mwake na ananiachia kama mtoto. Jumapili ile nilipiga moyo konde kabisa, nikasema nikimaliza upande huu namwambia, nikimaliza upande ule namwambia. Nilimnyoa vizuri kuliko siku zote. Akajipapasa, akanisifu, akaenda zake.

Basi Mama akateleza bafuni, mguu ukafungwa plasta. Naona aibu kukuandikia hili, lakini nilifurahi. Nilisema hatimaye gari litapumzika, sasa Jaji atakwenda shule kwa miguu pamoja nami. Jumatatu asubuhi nikiwa naoga nikasikia injini. Nikatoka na sabuni mwilini, nimejifunga taulo. Jaji alikuwa kwenye kiti cha Mama, amewekewa mto chini ili aone, mkoba mapajani. Dirisha lilikuwa wazi nikamsikia, na lile pengo la meno, akimwambia babu kuna baithikeli kuthoto. Gari likangoja. Akasema imepita, babu. Gari likaenda.

Mama alimfundisha akiwa kitandani. Aliufanya mchezo, na mtoto ameupenda mno, anaona amepandishwa cheo. Nilibaki getini mpaka gari lilipopinda kona, na hata baada ya hapo nikabaki. Siku ile niliharibu vichwa vya watu dukani, mmoja ameapa hatarudi.

Sasa shemeji, hapa ndipo ninapotaka uninyooshee kidole kama utanyoosha. Usiku huohuo niliapa mbele ya dada yako kwamba kesho namwomba Mzee funguo. Asubuhi nikawahi kutoka, nimevaa shati la heshima, hotuba nimeipanga kichwani. Nikamfuata kwenye gari, nikasimama sawasawa, nikasema Mzee, leo naomba. Akageuza kichwa kunitafuta, akanipata. Na mimi nikamalizia, naomba lifti.

Akafurahi. Nikakaa nyuma ya mwanangu, nimeshika kiti chake kwa mikono miwili. Jaji hakukosea hata moja. Aliniona mzembe nilipomwambia kuna mtu anavuka, akasema ameshamtaja. Tukafika shuleni, akashuka, akatupungia mkono, akaingia.

Nikangoja Mzee aondoke. Hakuondoka. Injini inanguruma, watoto wanapita huku na huku, akina mama, pikipiki, na yeye mkono uko kwenye gia, anatazama mbele moja kwa moja. Halafu, bila kugeuka, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akasema, "Mkwe, hamia mbele."

Nikahamia mbele. Bado hakuondoka. Nikaelewa ananisubiri mimi. Shemeji, funguo zilikuwa pale, karibu na goti langu. Ningenyoosha mkono tu ningezima lile gari. Ningesema Mzee, shuka, niachie mimi, na naamini siku ile, kwa sauti ile, angeshuka. Badala yake nilijisikia nikisema, "Kulia kweupe, Mzee. Kushoto kuna pikipiki, iache kwanza ipite."

Akaiacha ikapita. Tukarudi nyumbani.

Sasa kila asubuhi nakwenda naye, kwenda na kurudi, na duka nafungua kwa kuchelewa. Jaji nimemrudisha kiti cha nyuma, amenuna. Jana Mzee alinisimulia kwamba enzi za lori alikuwa na utingo mzuri sana, aliyekuwa akisimama mlangoni na kumwangalizia njia mpaka wakaelewana bila maneno. Akaniambia mimi si mbaya, ila nasema kwa kuchelewa.

Usitume chochote, na usimwagizie kioo kingine, maana ameanza kukitaja. Njoo wewe. Wewe ni mwanawe, labda wewe atakukabidhi funguo. Mimi maji yamenifika shingoni, na kila nikifungua mdomo nimwambie aache, kinachotoka ni njia nyeupe, twende.

Wasalimie watoto na mama yao. Mama anakuombea, na Jaji anauliza utakuja lini ili akupe hukumu yako. Fanya haraka, tafadhali.

Ni mimi shemeji yako, utingo wa baba yako.