Kahawa ya Mgeni Haina Bei

Shikamoo Bibi,

Hapa Kayanga mvua haikatiki, nami nina hasira na bosi wangu.

Jana, katika wiki yangu ya kwanza ya kazi ya kuitafutia hoteli wateja, walikuja wageni kutoka Dodoma kuangalia ukumbi wa semina. Wakaomba kahawa ya Karagwe. Bosi akawaletea ya kopo! Bibi, mibuni inagusa dirisha la jikoni!

Nikafungua mkoba, nikatoa ile kahawa ya kutafuna, buni ulizochemsha na kukausha mwenyewe, uliyonifungashia huko Kaisho pamoja na kijikapu chake. Nikawapa kwa mikono miwili, kama unavyompokea mgeni nyumbani. Bosi akanikanyaga mguu: “Acha mambo ya kijijini!” Wageni wakatafuna, wakaomba tena, wakachukua ukumbi siku tatu.

Leo bosi huyohuyo ananiuliza kijikapu kimoja tukiuze shilingi ngapi. Nimemwambia nimeajiriwa kuuza vyumba. Kahawa ya kumkaribishia mgeni kwetu haiuzwi. Amenuna tangu asubuhi.

Jifunike vizuri, baridi isikupate. Na unifungashie kahawa nyingine, Bibi. Akinifukuza, tutaitafuna sote hapo kibarazani.

Mjukuu wako,
Anitha