Tumbo Lililolala

Jumatano, 4 Machi 2026. Wadi ya wanaume, Kajiado.

Mwaka wa thelathini na tatu nje ya Molo, kwetu. Asubuhi kama ya jana: kipimajoto, dripu, daktari. Ameweka chombo chake juu ya tumbo langu, akafumba macho, akasikiliza. Kimya. Utumbo uliojisokota ulikatwa vizuri, ncha zikaunganishwa, kidonda ni safi. Ila uliobaki umelala. Anasema hutokea sana baada ya upasuaji. Utumbo ukishikwashikwa hugoma. Sili, sinywi, mpaka nitoe hewa. Mpira wa puani unatoa maji ya kijani. Nampenda kijana huyu. Anasema ukweli bila kuupamba.

Naserian, mke wa mwanangu, amefika kutoka Kitengela. Mwanangu yuko safarini na lori, kwa hiyo kila kitu ni yeye. Ameinamisha kichwa nikiguse, salamu ya kwao Wamaasai. Siku ya harusi nilimpa kondoo, na tangu hapo tunaitana Paker, jina la waliopeana kondoo. Jina langu hajawahi kulitaja.

Kabla ya kupasuliwa nilimwambia mwanangu: nikipona, nipelekwe Molo. Nikafie karibu na shamba langu la pareto.

Alhamisi, 5 Machi

Tumbo limevimba kama jerikeni iliyoachwa juani. Daktari ameagiza nitafune chingamu, eti huudanganya utumbo uamke. Mimi, niliyewanyang'anya watoto chingamu darasani miaka yote! Naserian alicheka mpaka akaziba mdomo.

"Cheua, Paker. Cheua kama ng'ombe."

Halafu muuguzi, anayeniita babu kwa lugha ya kwetu, kutoka mlangoni, kwa sauti ya sokoni: "Guka, umejamba?"

Naserian alikuwa amesimama hapo hapo. Kwetu sisi, mambo hayo hayatajwi kati ya mzee na mke wa mwanawe. Hata kukohoa nakohoa kwa adabu. Nikatazama dari. Mzee wa kitanda cha pili, mchimba mawe, akadakia: "Mwalimu, toa tu! Huu mtihani hauna kuibia."

Wadi nzima ilicheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 6 Machi

Mchana kitu kilisogea. Kidogo, chini, upande wa kushoto. Naserian alikuwa ananifunika miguu. Nikabana. Kikarudi juu na maumivu makali, nikauma blanketi. Muuguzi alipouliza, nikasema hakuna. Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo.

Jioni daktari alisema kesho kukiwa bado kimya, watapiga picha, na huenda wakanifungua tena. Kwa umri wangu hakuahidi kitu.

Naogopa. Vitabu vyote nilivyosoma, na huenda nikafa kwa adabu.

Jumamosi, 7 Machi

Alikuja mapema. "Paker, amka tutembee."

Alishika mti wa dripu akatangulia. Nilimfuata kwenye korido, nimefungwa kwake kwa mpira. Hakugeuka hata mara moja. Alizungumza akitazama mbele. Kwao Isinya, ng'ombe tumbo likisimama, baba yake alikuwa anabonyeza ngumi ubavuni, kushoto, nyuma ya mbavu, akingoja lijiviringishe. Boma lote linanyamaza.

"Likirudi, tunamshukuru Mungu sisi wote. Wakwe wakiwa hapo, wanashukuru pia. Nani ataona haya? Ng'ombe amepona."

Halafu akaanza wimbo wa kanisani, kwa Kimaa, kwa sauti yake yote. Korido ilijaa. Hapo nikaelewa kwamba jana aliona uso wangu.

Ubeti wa pili, niliachilia. Ilikuwa ndefu. Hakugeuka, hakuruka neno. Alimaliza ubeti, akanisogeza benchini, akaenda hadi meza ya muuguzi.

"Sista, mzee wangu amejamba. Andika."

Kutoka kitanda cha pili: "Mwalimu amepita!" Wakapiga makofi. Aibu niliyoiogopa haikuja. Badala yake nililia kidogo.

Nimefundisha heshima maisha yangu yote. Sikuwahi kuiona ikifanywa vizuri hivi. Alinilindia mwiko wangu mpaka pale ambapo ungeniua, kisha akauvunja yeye, kwa kinywa chake, nisilazimike mimi.

Jumapili, 8 Machi

Mpira umetolewa. Vijiko vitatu vya maji. Vitamu.

Jumanne, 10 Machi. Kitengela.

Nyumbani. Uji mwembamba. Mashine za kukata mawe zinasikika kutoka machimboni, vumbi dirishani kama kawaida. Tumbo linanguruma lenyewe, nami nalisikiliza kwa heshima.

Mtoto wa kaka yangu amepiga simu kutoka Molo. Anauliza watayarishe chumba lini. Niliuliza habari za pareto. Inachanua, akasema. Ninaiona bila kufumba macho: maua meupe mpaka ukingo wa msitu.

Nje Naserian anafukuza mbuzi kwenye sukuma wiki, akiwatukana kwa Kimaa. Mwanangu atafika jioni.

Nilimshukuru kijana huyo wa kaka yangu. Nikamwambia wasitayarishe chumba. Sitarudi Molo.