Rangi Niliyomwambia Mama

Pinar del Río,
Alhamisi, Novemba

Dada yangu Zulema,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye kitanda cha juu, karibu na dirisha lisilofunga. Hujambo huko Havana? Kile kikohozi kimekuachia, au bado kinakurudia kila upepo ukigeuka? Na famasia je, wangali wanakukaririsha majina ya dawa hadi unayaota? Mimi ni mzima wa mwili. Bwenini tuko wasichana kumi na wawili na feni moja. Tunakula wali na maharage meusi, isipokuwa Jumatano, tunapokula maharage meusi na wali. Kiingereza kinaenda, na mwezi ujao tunaanza kutafsiri magazeti.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeandika umefurahi kwamba mama amestaafu mapema, apumzishe mgongo. Umeandika pia kwamba mimi ni mwana mwema, kwa kuwa nilikaa naye kwenye kiwanda cha biri karibu mwaka mzima wakati wewe uko mbali. Nimelisoma hilo neno "mwema" mara nyingi, na leo baada ya darasa nimeona siwezi kukuacha nalo.

Mama hakustaafu, dada. Ngoja nikueleze, ila usinikatize njiani kwa kukasirika. Soma mpaka mwisho kwanza.

Unakikumbuka chumba cha rangi, ulichosema kinanuka kama zizi. Biri zikishasokotwa na kulala kabatini wiki zake, hurundikwa kwenye meza ya mama chini ya dirisha, azitenge. Ishirini na tano kila kasha, iliyokoza zaidi kushoto, iliyofifia zaidi kulia, upande mzuri wa jani ukiangalia juu, ili anayefungua macho yake yateleze bila kujikwaa. Kwako zote zilikuwa kahawia tu. Kwangu pia, mpaka nilipokaa pale. Kiwanda kina majina yake matano sita ya kuandika kwenye karatasi, lakini akina mama wana yao. Kuna kahawa ya mgeni, halafu kahawa ya mgao, ile iliyochanganywa na dengu. Kuna tandiko, iliyokoza kama ngozi ya kukalia farasi, kuna asali mpya, kuna kisigino cha Tomasa. Tomasa mwenyewe ndiye aliyelitoa jina hilo, na ukilisema vibaya anavua kiatu akuoneshe. Iliyofifia kuliko zote inaitwa paja la mtawa, kwa sababu halijaona jua.

Novemba iliyopita mama alianza kuacha mawe kwenye maharage. Nililiuma moja, nikalitema kimya. Siku nyingine akanikuta jikoni, akanipa biri mbili kutoka mfuko wa aproni, akaniuliza ipi imekoza. Nikacheka, nikidhani ananijaribu. Hakucheka. Akaniambia rangi zimeanza kumwingiliana kama maji ya kufulia, na kwamba amebakiza miaka miwili ya pensheni, kwa hiyo nisimwambie mtu. Hasa nisikuambie wewe, alisema, kwa maana ungefunga sanduku siku hiyohiyo na shahada ingekwisha hapo.

Basi akamwomba Eleuterio, msimamizi, anipokee kama mwanagenzi saa za baada ya shule, na asubuhi akawa anapanga makasha aliyokuwa ameyatenga nami jana yake. Nilikaa kushoto kwake. Nilimpa biri mojamoja, na kila nilipompa nilinong'ona jina la rangi. Unajua sauti yangu, nyumbani mmeilalamikia tangu nilipozaliwa. Pale ndipo ilipofaa kitu kwa mara ya kwanza. Tomasa akamwuliza mama siku moja, "Hebu niambie, Eneida, huyu mtoto wako anaongea au anapumua tu?" Mama akamjibu, "Anahesabu. Nawe ungehesabu, usingepoteza viatu." Chumba kizima kikacheka, nami nikanong'ona, asali mpya, na mama akailaza mahali pake bila kukosea hata upana wa ukucha.

Miezi kumi tulifanya hivyo. Sikudanganyi, nilijivuna. Nilikuwa macho ya mtu ambaye makasha yake yanakwenda nchi ambazo sitaziona.

Mwezi wa Juni ikaja karatasi ya chuo cha lugha, kwamba nimepata nafasi, niripoti Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Nilimsomea mama. Akaichukua, akaibusu, upande usio na maandishi. Kisha akasema, "Mwakani, eh, Mirelvis? Chuo hakitahama. Nimalize tu hii miaka miwili." Akasema mwakani na miaka miwili kwa pumzi moja. Nami nikajibu, sawa mama. Ndilo jibu langu kwa kila kitu, wewe mwenyewe ulikuwa ukiniigiza. Usiku nililia ndani ya foronya, asubuhi nikachukua aproni.

Sasa nimefika pale nilipokuwa naogopa kufika.

Ilikuwa Jumanne katikati ya Agosti. Likizo ilikuwa inaisha, nami nilikuwa pale kutwa. Mvua ilikuwa imekatika na mwanga wa dirishani ulikuwa safi, mwanga ambao akina mama huufurahia. Rundo letu lilikuwa tandiko. Nikampa ya kwanza, nikanong'ona tandiko, ilikuwa tandiko. Ya pili hivyohivyo, na ya tatu. Ya nne ilikuwa paja la mtawa iliyopotea humo. Niliishika mkononi. Usidhani ulimi uliteleza, dada, nilikuwa na muda wa kutosha wa kuiweka kando. Nikanong'ona, tandiko. Mama akaipokea, akakaa nayo kidogo, akailaza ndani ya kasha. Nikaenda nikamtafutia nyingine, kwa makusudi, kwenye rundo la jirani. Kasha lilipojaa zilikuwa tano.

Nilidhani Eleuterio ataliona, atamwambia aende akapimwe, mama atabaki nyumbani, nami nitakuwa huru bila kusema neno. Nilikuwa nimeyapanga yote hayo kichwani kama mtu anayepanga safari ya basi.

Eleuterio akalifungua mbele ya watu. Akacheka kwanza. "Eneida, umeanza kutengeneza piano, nyeusi na nyeupe?" Wote wakacheka. Kisha akaona mama hacheki. Akachukua biri mbili, akaziinua dirishani, akamwuliza ipi imekoza. Tomasa akamfokea, "We Eleuterio, unampa mtihani mtu aliyekufundisha kazi?" Akamwambia anyamaze. Mama hakunitazama. Aligeuza sikio tu, kidogo, upande wangu.

Niliangalia meza.

Akajibu, akakosea. Nikamsikia akimwambia Eleuterio kwamba mtoto amemwambia rangi sahihi, ila yeye kichwa chake kigumu, hasikii.

Hawakumfukuza. Walimpeleka chumba cha kutoa mishipa ya majani ya tumbaku, kazi ya vidole, isiyohitaji macho. Ni palepale alipoanzia akiwa na miaka kumi na mitano. Alikaa wiki moja katikati ya wasichana wa umri wangu waliomwita bibi. Siku ya saba akaikunja aproni, akampa Tomasa, akaja nyumbani.

Tulikwenda kwa daktari mimi na yeye. Ni presha ya macho. Daktari alisema ingeonekana mwaka mmoja nyuma, dawa ya matone tu ingeizuia ilipokuwa. Sasa kimebaki kivuli na mwanga. Akashangaa, akauliza nani amekuwa akimwazima macho, maana mtu hafiki hali ile akiwa kazini bila mtu wa kuona kwa niaba yake. Mama akasema, "Nilijitahidi mwenyewe."

Kwa hiyo hata sijui nikuungamie lipi, Zulema. Lile kasha moja la uongo, au ile miezi kumi niliyomwambia ukweli kila dakika huku nikimficha. Wewe ungemtazama siku moja tu ungejua, na ndiyo sababu tulikuwa tunakuambia usije, nauli ni ghali.

Kuna jingine, na ndilo linalonizuia kula. Asubuhi ya kuondoka alikuwa ananipigia pasi sketi ya chuo kwa kupapasa mikunjo. Akaanza kusema, bila kugeuka, kwamba jani lililokoza lina mafuta, hushika kidole gumba, na lililofifia ni kavu kama karatasi ya dukani. Rangi jirani hakuweza kuzitenga, alisema, lakini mtawa na tandiko? "Miaka thelathini na moja kwenye meza ile, mwanangu. Unadhani sina vidole?"

Nikamwuliza, kwa nini basi aliilaza. Akasema ya kwanza aliishika akinisubiri nijisahihishe. Ya pili vilevile. Alipofika ya tano akaelewa kwamba sitajisahihisha, na kwamba ndiyo njia niliyoipata ya kumwambia. Akaigeuza sketi upande wa pili. "Ungesema tu unataka kwenda," akasema. "Ningekasirika siku mbili, basi."

Siku mbili, dada.

Tangu nije sijaenda nyumbani. Namwambia mama kwenye simu ya Tomasa kwamba Jumamosi tuna vipindi. Hatuna vipindi. Anasema sawa, soma. Anajua hilo nalo, bila shaka.

Sikuombi unitetee. Nakuomba uende kabla ya mwaka kuisha, umwambie unajua yote, asiendelee kukudanganya kwa ajili yangu. Na macho yake umpeleke huko kwa madaktari wakubwa, hata kama ni kusikia jibu lilelile. Mimi nakwenda kesho kutwa, Jumamosi. Nimeyaandika nitakayomwambia, kurasa mbili, nimeyafuta, nimeyaandika tena. Lakini hawezi kusoma, Zulema. Itabidi nitoe sauti.

Nisalimie mwenzako wa chumbani na mama mwenye nyumba. Tomasa anakuulizia, anasema umletee viatu. Vaa kitu shingoni upepo ukivuma. Ukinikasirikia nitaelewa, ila nakusihi usinikasirikie kimyakimya, niandikie.

Ni mimi mdogo wako,
Mirelvis