Mtaro Uliouzibua Mara Mbili

Mwaka umekatika sasa, mama watoto, tangu mtaro wa nyuma ya zahanati ukuchukue mchana kweupe. Wanasema mwaka ni dawa. Aliyesema hivyo bado ana mke.

Ulikuwa mshonaji. Sare za watoto wa mtaa huu nyingi zilipita chini ya cherehani yako. Sindano uliichomeka kwenye ukosi wa gauni, popote uendapo, maana hukuweza kuona kilichochanika ukakiacha. Chai niliyopika mimi uliisifu sana, halafu ukaimwaga kimyakimya ukapika nyingine. Nilikuwa nakuona, ila nilinyamaza. Leo naipika mwenyewe, nainywa hivyohivyo, na hakuna wa kuimwaga.

Na rafiki yako, msusi wa pale kona, tuliyempa jina la Chiriku kwa kuwa mdomo wake haujui kulala. Mlikuwa na siku yenu. Wewe unafunika cherehani, yeye anafungia vitana, mnaondoka kufanya kazi za watu. Asubuhi mnafua mashuka ya zahanati, mchana mnampikia yule bibi asiyeona, jioni mnasafisha mtaro. Nikikuuliza nani kawatuma, unanijibu, "Maji yakiingia wodini, mume wangu, yatauliza nani kanituma?" Basi, narudi kwenye baiskeli za watu ninazotengeneza.

Mwaka jana wakubwa wakaipenda siku yenu. Wakaifanya yao. Mkubwa wa mtaa akapita na kipaza sauti: Siku ya Kujitolea, watu wote waje, mgeni rasmi atakuwepo. Wewe na Chiriku na wengine wachache mkafika kabla jua halijachoma, mkashuka mtaroni. Mkatoa plastiki, matambara, godoro zima, tope jeusi kama lami. Wageni walipofika, maji yalikuwa yanapita chini ya kalavati bila kugusa kitu.

Walikuja na fulana nyeupe zenye mikunjo ya dukani na buti zisizojua vumbi. Chiriku akakunong'oneza, lakini kunong'ona kwake kunasikika ng'ambo ya barabara, "Shoga, hawa wamekuja kufanya usafi au kutoa posa?"

Mkubwa wa mtaa akachungulia mtaroni, akakunja uso.

"Nani kawaambia mmalize?"

"Si mlisema tuje asubuhi?" ukamjibu.

"Sasa mgeni rasmi atapigwa picha akizoa nini? Hewa?"

"Basi apigwe akitushukuru."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akawaita wenye matoroli akaamuru taka zirudishwe mtaroni. Zirudishwe! Mpaka leo nikilisema neno hilo meno yanauma. Ukasimama mbele ya toroli, tope mpaka kiunoni, ukaambiwa, "Mama, hebu sogea, unaharibu picha." Wakazimwaga. Mgeni rasmi akachota koleo moja, akatabasamu, wakampiga picha, akaletewa maji ya kunawa. Kisha wote hao wakaenda kukaa chini ya turubai kuhutubiana. Taka wakaziacha palepale.

Mlitaka kuzitoa. Mkakatazwa, eti kelele za makoleo zinamsumbua mgeni, ngojeni hotuba ziishe. Hotuba za wenye shibe haziishi. Wingu likafunga huku wanapigiana makofi, mvua ikamwagika, wageni wakakimbilia magari yao na fulana zao bado nyeupe.

Maji yakakosa njia, yakageukia zahanati. Ndani kulikuwa na wazazi waliojifungua siku ile, wengine wamelala chini na vichanga vyao kwa kukosa vitanda. Aliyerudi mtaroni ni nani? Si aliyehutubu. Ni wewe na shoga yako. Chiriku alikushika mkono mmoja, wa pili ukashika reki, ukainama kwenye mdomo wa kalavati ukavuta. Kizibo cha taka kikaachia ghafla, maji yakavuta kwa nguvu zote. Mkono wako ulikuwa na tope. Ukachopoka.

Maji wodini yalikomea mlangoni. Watoto wale leo wanasimama dede.

Na wakubwa walisema nini? Walisema mbele ya kaburi lako, udongo haujakauka, kwamba marehemu aliingia mtaroni bila ruhusa, na kwamba aliponzwa na rafiki. Kwa hiyo wa kulaumiwa ni msusi! Aliyerudisha taka hana kosa, aliyekushika mkono ndiye mwenye kosa. Na kuna watu mtaani wakayameza maneno hayo mazimamazima, wakahamisha vichwa vyao wakasukwe kwingine. Nasi tunasema hapa, ukoo mzima, na mwenye macho asome: Chiriku hakukuacha. Alitolewa mtaroni bado anapapasa maji, anakuita. Anayemsema yeye anatusema sisi.

Juzi wamekuja nyumbani. Wamekaa sebuleni, sauti za asali.

"Mzee, tunataka siku ya mwaka huu iwe ya kumuenzi marehemu. Tunaomba picha yake moja tu, ile anayocheka, tuichape kwenye bango."

Binti yako akauliza taratibu, kwa ile sauti yako, "Siku ile mlipiga picha mchana kutwa. Mama hayumo hata kwenye moja?"

Mkubwa wa mtaa akajikohoza. "Alikuwa pembeni kidogo."

"Hakuwa pembeni. Mlimsogeza."

Mimi shule niliiacha njiani, hayo niliwaachia wenye ulimi. Mama yako ndiye aliyemaliza. Akauliza kutoka pale anapokaa, "Wanangu, maji mmeshakunywa?" Wakasema ndiyo, mama. "Haya, kwaherini."

Picha hawakupata. Wakitaka kukuenzi, wawaeleze watu nani aliamuru taka zirudi mtaroni. Bango halihitajiki kwa hilo. Mdomo unatosha, na mkubwa wa mtaa anao mkubwa.

Tangu siku ile, mke wangu, hakuna mkubwa aliyeugusa mtaro, na umejaa tena. Siku yao itakapofika, watatukuta tumeshausafisha, tumekaa ukingoni, miguu imening'inia ndani, Chiriku katikati yetu. Toroli la kurudisha taka likija, lianze na sisi.

Unakumbukwa na mumeo, fundi baiskeli, ambaye bado analala upande wake wa kitanda. Na binti yako aliyeurithi ulimi wako, na mdogo wake wa kiume aliyeurithi ukimya wangu, Mungu amsaidie. Na mama yako mzazi. Na wifi yako mliyegombana kila sikukuu na ambaye sasa hana wa kugombana naye. Na Chiriku, shoga yako, ambaye kuanzia leo tunamwandika pamoja na ndugu.

Hatutakusahau maisha yetu yote. Na wao hatutawaacha wasahau.