Mgeni Uliyemkirimu Kahawa

Swafia mwanangu,

Wali uko jikoni, mchuzi upashe moto. Mlango utie komeo, hata hodi iwe ya adabu vipi.

Yule bwana uliyemkirimu kahawa asubuhi nikiwa sokoni si jamaa yetu. Kwa lile kovu la shavuni ulilonieleza, ndiye mume wa Nyevu, yule mwanamke tuliyemficha kule Tudor, kwenye kituo cha wanawake ninakojitolea. Mgeni hukirimiwa, ndivyo nilivyokulea. Lakini kumwelekeza kituoni pia, mwanangu?

~~Nitarudi magharibi.~~ Usiningoje. Napiga simu kituoni, haishikwi.

Buibui langu na nikabu, nilivyovitundika pale alipoketi, sivioni. Na sisi kituoni mwanamke aliyejifunika uso hatumfunui. Tunamwambia karibu, ingia.

Mamako