Mgeni Asiyekula Baada ya Saa Sita

Jumamosi, 8 Juni

Kalamu inatoboa karatasi kwa hasira. Bhante, mtawa wetu wa Kibuddha kutoka Dar, kafika kwetu Igogo kwa mara ya kwanza. Nilimwambia mama: watawa hawali jua likishavuka saa sita. Akanijibu mgeni hapimiwi saa. Samaki wake, sato, kaiva saa nane! Bhante akashukuru, hakugusa hata tonge. Mama kaona katukanwa nyumbani kwake.

Wakati wa kumuaga Bhante nikapiga magoti, paji la uso sakafuni, mara tatu. Hapo ndipo moto ulipowaka. Kaka Mashimba akafoka: mwanaume wa Kisukuma! Hata baba hukumwangukia hivyo, mpaka tunamzika!

Jumapili, 9 Juni

Mama karudi kutoka kanisani. Namwamkia shikamoo — kimya. Afadhali angenitukana.

Nikalipuka. Simsujudii mtu mimi! Ninaowaheshimu ni Sangha, wanafunzi wa Buddha walioamka, waliong'oa tamaa na hasira mioyoni. Bhante kavaa vazi lao tu. Mbona mama humbusu askofu pete?

Akasema askofu akija anakula.

Nikagonga meza kwa ngumi. Eti nawasifu waliong'oa hasira, huku napiga meza! Mama akamalizia: ukimwinamia tena humu ndani, Shigela, shikamoo yako usiniletee.

Jumatano, 12 Juni

Bhante alivuka ziwa juzi kumwona mgonjwa Sengerema. Leo anarudi, atapita kuchukua mzigo aliouacha kwetu. Sikumwambia mama. Kaka ndiye kasema — mmbeya yule!

Asubuhi nasikia sufuria. Mama yuko jikoni, kanuna, anageuza sato. Nikauliza anampikia nani. Akafoka: nyumba yake haitasemwa kwamba inashindisha wageni njaa. Ale, asile, chakula kitakuwa mezani mapema.

Saa tano ugali tayari. Simu ikaita: Bhante bado yuko Kamanga, ng'ambo ya ziwa, maji yamechafuka, feri haijatoka. Kaka anacheka. Nusura nimrushie kiti!

Mama kamnyamazisha. Kasimama mlangoni, anaangalia jua. Akaniuliza kwa ukali: hao walioamka, wakiombwa wanatuliza upepo? Nikasema hapana, hawaombwi, wanaheshimiwa tu. Akasonya.

Saa sita inakaribia. Honi imelia ziwani — feri! Mama kageuka kabla yangu, kashika jagi la maji ya kunawa. Shikamoo yangu ya asubuhi bado hajaijibu. Bhante akivuka kizingiti hiki nitainama, lazima niiname, na mama atakuwa kasimama pale pale, jagi mkononi, na sijui kama shikamoo yangu ataipokea tena.